Nyumba na kodi ya pango Kigoma Ujiji: maswali mnayoniuliza na majibu yangu

Nagombea udiwani katika moja ya kata za Manispaa ya Kigoma Ujiji. Nilipoanza kuzunguka mitaani nilijiandaa kuulizwa habari za barabara, mitaro na zahanati. Nimeulizwa, sikatai. Lakini linalojitokeza kila tunapokaa, iwe kijiweni kwenye kahawa Ujiji au kwa mama lishe pale Mwanga, ni nyumba: kodi imepanda, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, choo kimejaa, kiwanja hakishikiki. Nimeyaandika maswali karibu kama mlivyoyauliza. Kuna majibu hayatawafurahisha, na ni afadhali myasikie sasa kuliko baada ya kura.

Tukikupa kura utashusha kodi za vyumba?

Hapana. Diwani hana uwezo huo, na anayewaahidi hivyo jukwaani ama hajui kazi anayoiomba au anawafanyia mzaha.

Zamani ilikuwepo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ya mwaka 1984. Ilimwekea mwenye nyumba mipaka ya kupandisha kodi na kumtoa mpangaji. Bunge liliifuta mwaka 2005. Tangu hapo upangaji unaongozwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, na bei ya chumba ni maelewano ya watu wawili. Halmashauri inaweza kutunga sheria ndogo, na zenyewe lazima zipate idhini ya waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, lakini haiwezi kwa sheria ndogo kurudisha kile ambacho Bunge limekiondoa. Wizara ya Ardhi imekuwa ikizungumza kwa miaka juu ya sheria ya kusimamia sekta ya milki, yaani biashara ya nyumba na viwanja. Ikija, hilo litakuwa suala la mbunge. Mimi nitapeleka sauti ya kata, basi.

Sasa diwani ana faida gani kwa mpangaji?

Anayo, ila ni ya kazi za vikao, si ya kutangaza bei.

Diwani anaingia Baraza la Madiwani, mahali bajeti ya manispaa inapopitishwa na sheria ndogo zinapotungwa. Anaweza kukaa kwenye kamati inayoshughulika na mipango miji, ujenzi na mazingira, ambako habari za viwanja na vibali vya ujenzi hupita kabla ya kufika barazani. Halafu kuna Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, na kamati hiyo ndiyo inayohusika na kuwapata wajumbe wa Baraza la Kata, wale wanaowasuluhisha mwenye nyumba na mpangaji wake. Watu wengi hawajui kwamba uzito wa Baraza la Kata unaanzia hapo. Mkiweka kamati inayoteua watu kwa urafiki, mtapata baraza la urafiki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: sitaweza kupanga bei ya chumba, lakini naweza kusukuma vyumba viwe vingi zaidi mjini, na naweza kuhakikisha kila mpangaji wa kata yetu ana karatasi mkononi na mahali pa kwenda akionewa. Yote mnayoyasoma hapa chini yanatokana na mambo hayo mawili.

Kwani Kigoma kodi zinapanda kwa nini? Mbona hatuna viwanda kama Dar?

Kwa sababu wanaotafuta vyumba wanaongezeka kuliko vyumba. Watumishi wa umma wanahamishiwa huku na hawakuti nyumba za serikali za kuwatosha. Mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi yanaleta watu wenye posho, nao wakipenda nyumba hawabishani bei. Wafanyabiashara wa dagaa, mawese na bidhaa za Kongo na Burundi wanahitaji pa kulala na pa kuweka mizigo. Sasa kuna reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, mkataba wake ulisainiwa mwishoni mwa 2022, na mradi wa namna hiyo unaleta mafundi, madereva na wauza chakula wa mafundi na madereva. Mwenye nyumba akisikia tu neno SGR, chumba kimeshapanda.

Upande wa vyumba mambo ni magumu. Kujenga Kigoma ni ghali. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na bei ya bati, nondo na rangi inabeba safari hiyo. Ziwa nalo limepanda miaka hii; kule Kibirizi na sehemu nyingine za mwambao maji yamefuata nyumba za watu, na waliohama pale wamekuja kupanga huku juu. Hakuna aliyejenga vyumba vya kuwapokea.

Wenye nyumba wanadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ni halali?

Hakuna sheria inayoikataza, wala hakuna inayokulazimisha. Ni sharti la mwenye nyumba, na kwa kuwa vyumba ni vichache, sharti linakuwa amri.

Tufanye hesabu. Chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi si cha anasa. Miezi sita ni 240,000. Dalali anataka ya mwezi mmoja, 40,000. Umefika 280,000 na hujanunua godoro wala kulipa mkokoteni wa kuhamisha vyombo. Kijana anayeuza samaki Kibirizi anaweza kulipa 40,000 kila mwezi bila shida kubwa. 280,000 kwa siku moja hana, na akizipata ni kwa mkopo wa riba. Kwa hiyo anabaki kulala watu wanne chumba kimoja, si kwa kukosa uwezo wa kodi bali kwa kukosa uwezo wa mkupuo.

Siwezi kuupiga marufuku mkupuo. Ninachotaka kufanya ni mkataba wa mfano wa kata, wenye sehemu ya malipo ya mwezi mmoja mmoja na dhamana ya mwezi mmoja, unaosainiwa mbele ya mtendaji wa mtaa na kupigwa muhuri. Nimezungumza na wenye nyumba wengi. Wanachokiogopa ni mpangaji kuondoka usiku na deni. Wakiona kuna karatasi yenye namba ya kitambulisho, mdhamini na ofisi inayomjua mtu, baadhi wako tayari kushuka hadi miezi mitatu, wachache hata mmoja. Nasema baadhi. Sitaki kuwadanganya kwamba wote watakubali.

Sina mkataba wa maandishi. Je, mimi ni mpangaji kweli?

Ni mpangaji. Hili nalirudia kila mahali kwa sababu linawanyima watu usingizi bure. Sheria ya Ardhi inaruhusu upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, kufanywa hata kwa mdomo. Ukikaa kwa ridhaa ya mwenye nyumba na ukalipa kodi naye akapokea, tayari kuna upangaji, na haki zinazokwenda nao zipo.

Tatizo ni ushahidi. Mkifika mbele ya wasuluhishi, yeye atasema hujalipa miezi miwili, wewe utasema umelipa, na hakuna aliyeona. Basi fanyeni hivi tangu leo. Lipa kwa simu, usilipe taslimu, na usifute ujumbe wa muamala. Ukilazimika kulipa mkononi, mwombe aandike kwenye daftari lako: tarehe, kiasi, miezi inayolipiwa, saini. Kama hapendi kuandika, lipa mbele ya mtu, halafu mtumie ujumbe mfupi wa heshima: "Mzee shikamoo, nimekukabidhi 120,000 ya mwezi wa tatu hadi wa tano. Asante." Akijibu "marahaba, nimepata", una risiti.

Siku unayohamia, piga picha chumba: sakafu, dari, kitasa, soketi. Nimeona ugomvi mkubwa wa kitasa kilichovunjika kabla mpangaji hajazaliwa, kwa maneno ya jirani yake.

Mwenye nyumba ameniambia mwezi ujao kodi inapanda, nisipoweza nihame. Anaruhusiwa?

Inategemea makubaliano yenu. Kama mliandikiana miezi sita kwa bei fulani, bei hiyo inasimama mpaka miezi sita iishe. Hawezi kuamka katikati na kukuongezea.

Kama hamkuandikiana muda, sheria inaangalia unalipa kwa vipindi gani. Unayelipa kila mwezi unahesabiwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi. Anayelipa kila miezi mitatu, hivyo hivyo. Notisi ya kukutoa haipaswi kuwa pungufu ya kipindi hicho. Nawe ukitaka kuhama unawajibika kumpa notisi ya muda huohuo, jambo ambalo wapangaji hulisahau wanapoona chumba kizuri zaidi Gungu.

Mwenye nyumba amepiga kufuli mlango wangu, vyombo viko ndani. Nifanye nini?

Usivunje kufuli. Najua hasira zinavyokuwa, lakini ukivunja, kesi inageuka ya kwako.

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji siku hiyohiyo, akaone na kuandika. Kama kuna vitisho, kupigana au vitu vimepotea, ni suala la polisi pia. Deni la kodi linadaiwa kwa utaratibu. Halimpi mtu ruhusa ya kuzuia vyombo vyako, kukutolea godoro mvuani wala kukukatia maji ili uchoke mwenyewe. Kuna mtindo mwingine ninaouchukia kuliko yote: anapanda fundi, anaezua bati mbili tatu juu ya chumba cha mdaiwa akisema ni matengenezo. Mvua za Kigoma zinajulikana. Mwenye nyumba kisheria anawajibika kumwacha mpangaji akae kwa utulivu, na kutunza paa na kuta kuu za nyumba. Kuezua ni kuvunja yote mawili kwa mpigo.

Mgogoro wa nyumba unapelekwa wapi hasa? Tunazungushwa.

Mnazungushwa kwa sababu sheria ilibadilika mwaka 2021 na bado wengi, wakiwemo viongozi wa mitaa, wanaenda kwa mazoea ya zamani.

Anzia serikali ya mtaa, kwa mazungumzo tu. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Zamani baraza hili lilitoa hukumu. Siku hizi haliamui nani kashinda. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Wajumbe wake ni wanne hadi wanane, watatu kati yao wanawake. Wakili haruhusiwi kukusemea pale, kwa hiyo usitishwe na mwenye nyumba anayejitapa kuwa ana mwanasheria.

Mkikubaliana, andikeni na msaini. Msipokubaliana, baraza linatoa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, na hiyo ndiyo tiketi ya kuingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila hati hiyo utarudishwa ulikotoka. Siku 30 zikipita bila baraza kusuluhisha, unaweza kuendelea mbele hata bila hati hiyo, usikubali kuambiwa "njoo wiki ijayo" hadi mwaka uishe. Baraza la Wilaya ndilo linaloamua, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu.

Ahadi yangu hapa ni ndogo na inapimika: siku za vikao vya Baraza la Kata zibandikwe ukutani, wajumbe wapatiwe nakala ya sheria ilivyo sasa, na kila baada ya miezi mitatu kamati ya kata isomewe ni mashauri mangapi yameingia na mangapi yamepita siku 30. Pia nataka wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapewe meza kwenye ofisi ya kata angalau siku moja kwa wiki. Msaada wao ni bure.

Kwa nini nikinunua umeme wa LUKU napewa uniti chache kuliko jirani?

Swali hili limeulizwa na watu wengi kuliko lolote, na wengi walidhani ni TANESCO wanawaibia.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ina kiwango chake. Ukinunua umeme kwa mara ya kwanza katika mwezi, fedha hiyo inakatwa kwanza, inayobaki ndiyo inageuka uniti. Isomeni ile meseji ya LUKU hadi mwisho badala ya kunakili namba za tokeni tu; makato yameandikwa.

Na deni linajikusanya. Ukihamia nyumba iliyokaa tupu miezi minane, ukanunua umeme wa 15,000, shilingi 12,000 zinakwenda kwenye deni la miezi usiyokuwepo. Unabaki unashangaa uniti za kuwasha taa siku mbili.

Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo. Wewe unailipa kwa sababu mita iko mlangoni kwako, kwa hiyo una haki ya kudai irudishwe kwenye kodi ya pango. Katika mkataba wa mfano nimeiweka wazi: mpangaji anatunza meseji za LUKU, mwisho wa kipindi anapunguziwa kiasi hicho kwenye kodi ya pango. Kwa nyumba moja yenye mita kadhaa ambazo zote zinakatwa, mwenye nyumba ndiye wa kwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) kurekebisha. Kwa mliounganishwa na sabumita kwenye mita moja kubwa, gawaneni hiyo 1,500 kwa kujua ni nini, msiiite "umeme umepanda".

Choo ni kimoja, vyumba sita, na kimejaa. Nani anatakiwa kunyonya?

Mwenye nyumba, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Nyumba ya kuishi inapaswa kufaa kwa binadamu tangu siku unayoingia na kuendelea hivyo. Usafi wa kila siku, deki na zamu, ni wa wapangaji.

Hapa halmashauri ina meno ambayo haiyatumii vya kutosha. Afisa afya, chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, anaweza kuingia kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kurekebisha. Tumezoea kumwona wakati wa kipindupindu tu, na mji huu wa ziwani unakijua kipindupindu vizuri. Nitapigania ukaguzi wa nyumba za kupangisha uwe wa ratiba, mtaa kwa mtaa. Na ili mpangaji asifukuzwe kwa kulalamika, ukaguzi wa ratiba ndiyo dawa: afisa amekuja kwa zamu ya mtaa, hakuna aliyemwita.

Wewe mwenyewe una nyumba ya kupangisha?

Ninayo. Marehemu baba alituachia nyumba ya Kiswahili Ujiji, korido katikati na vyumba pande mbili, na vyumba vinne vimepangishwa. Kodi yake inasomesha wadogo zangu. Kwa hiyo nikisema mwenye nyumba aandikiane na mpangaji, najisemea na mimi. Kodi ya majengo tunawarudishia. Mkataba wa maandishi tulianza na mpangaji mmoja aliyekuwa mbishi kuliko wote, na ndiye hatujagombana naye tangu hapo.

Basi unatuchonganisha sisi wenye nyumba na wapangaji wetu ili upate kura. Wapangaji wasiolipa je?

Swali la mzee mmoja, na alikuwa na haki ya kuliuliza. Wenye nyumba wengi wa mji wetu si matajiri. Ni wastaafu, wajane, watu waliojenga chumba kimoja kwa mwaka. Mpangaji akikaa miezi mitano bila kulipa kisha akahama usiku, huyo mjane hana pa kumpata.

Mpangaji ana wajibu: kulipa kwa wakati, kutunza chumba, kumruhusu mwenye nyumba akague kwa taarifa na kwa saa za heshima, kutoingiza wapangaji wengine bila ruhusa. Asipolipa, utaratibu ule ule wa Baraza la Kata na la Wilaya unamhudumia mwenye nyumba. Utaratibu ukiwa wa siku 30 kweli, mwenye nyumba hatakuwa na sababu ya kununua kufuli. Ninachowaomba wazee wangu ni kwamba deni lidaiwe kwa karatasi.

Mbona kila mgombea anasema viwanja, viwanja, na hatuvioni?

Kwa sababu kupima kunahitaji fedha mkononi kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza. Serikali ina programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha, iliyokopesha halmashauri bila riba: halmashauri inakopa, inapima, inauza, inarejesha. Ni mpango mzuri endapo madiwani wanafuatilia hesabu zake kila robo mwaka. Nitaomba mambo matatu yawe kwenye kila mradi wa viwanja. Sehemu ya viwanja iwe midogo, ya watu wa kipato cha chini, si vyote vikubwa vya kuwavutia wanunuzi wa Dar. Malipo yawe kwa awamu. Na orodha ya waliopata ibandikwe hadharani na namba za viwanja, ofisi ya kata na ofisi za mitaa, ili mwananchi aone mwenyewe.

Kuna jambo jingine la bei nafuu kabisa: ramani. Mtu anayetaka kujenga vyumba viwili anaambiwa akachorewe ramani ndipo aombe kibali, na mchoro unakula fedha ya msingi. Nitapendekeza manispaa iwe na michoro michache ya mfano, ya nyumba ndogo na ya vyumba vya kupangisha vyenye choo kinachofaa, mtu achukue, alipie kibali tu. Naona hapa ndipo vyumba vipya vitatoka kwa haraka kuliko kwenye mradi wowote mkubwa, maana mji huu umejengwa na watu wa kawaida, chumba baada ya chumba.

Na vijana: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vinaweza kukopa mashine za matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo ambayo Wakala wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi umeyahimiza kwa miaka. Yanapunguza saruji kwenye ukuta na hayahitaji kuni kama tofali za kuchoma. Milima yetu imeshachomwa vya kutosha.

NHC si watatujengea?

Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962 na lina nyumba zake mkoani kwetu. Lakini nyumba ya kuuzwa kwa mamilioni haimfikii mama anayeuza mawese kwa kopo. Nitafurahi wakijenga za kupangisha. Siweki ahadi juu ya shirika ambalo diwani haliamrishi.

Sisi wa mwambao, maji yamechukua nyumba. Na wa njia ya reli je?

Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa ukingo wenyewe umehama. Aliyejenga mbali na maji leo yuko ndani ya mita 60 bila kusogeza tofali. Sitasimama kuwaambia warudi kujenga palepale, ziwa halisikilizi diwani. Nitakachodai ni kwamba walioathirika wawe wa kwanza kwenye foleni ya viwanja vipya, kwa majina yaliyohakikiwa na mitaa yao.

Kwa wanaopisha miradi, mwenye nyumba ana haki ya fidia kamili na ya haki, ikiwemo posho ya makazi inayohesabiwa kwa kodi ya miezi 36, usafiri na usumbufu. Anayefidiwa ni mwenye nyumba. Mpangaji aliyelipa miezi sita mbele anaweza kujikuta barabarani huku kodi yake iko mfukoni mwa mtu aliyekwisha kufidiwa. Kwenye mkataba wetu wa mfano kuna kifungu kimoja: nyumba ikichukuliwa na mradi, miezi isiyokaliwa inarudishwa.

Dalali alichukua hela ya kunionyesha chumba, chumba hakikuwepo.

Huo ni utapeli, ripoti polisi. Ukitafuta chumba, muulize mwenyekiti wa mtaa au mjumbe kama anamfahamu dalali huyo, na usilipe udalali kabla hujaonana na mwenye nyumba ana kwa ana. Nitapendekeza madalali wa vyumba waandikishwe kwenye ofisi za mitaa.

Nimekataliwa chumba kwa sababu sina mume.

Wapo wanaokataa mwanamke peke yake, wapo wanaokataa mwenye watoto, na wapo wanaomtazama mtu sura au kusikia lafudhi yake wakaamua ni wa ng'ambo ya ziwa. Kudai namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ni sawa, mradi idaiwe kwa kila mtu. Kumkatalia mtu kwa sababu ya jinsia au kabila ni ubaguzi ambao Katiba yetu imeukataa. Kwenye nyumba ya mtu binafsi ni vigumu kuuthibitisha, sitajifanya nina dawa. Ila majengo na vyumba vyote vya manispaa vinavyopangishwa, hapo diwani ana sauti, na hapo sitavumilia.

Na fremu za biashara?

Nyingi ya haki nilizozitaja zinakuhusu pia, ila fremu ina mambo yake ya kodi ya zuio: mfanyabiashara anayepanga anatakiwa kukata asilimia 10 kwenye pango na kuipeleka TRA, na mwenye fremu anapewa hati ya makato. Msikubali kulipa asilimia 10 hiyo juu ya pango lenyewe. Ni ya mwenye fremu.

Usipochaguliwa, huo mkataba wa mfano unaishia wapi?

Haumhitaji diwani. Ni kurasa mbili, Kiswahili chepesi, na ofisi yoyote ya mtaa inaweza kuupiga muhuri. Uombe kwa yeyote kati ya wanaotembea nami, toa nakala stationari, jazeni.

Mimi nakaa kata nyingine. Naweza kuutumia?

Unaweza. Badilisha jina la kata tu.